Pacha Anayepumua

Giza lilikuwa linaingia fundi wa kuchomelea alipotoka kuwarudishia watu wa kliniki bangili yao. Mama yake walikuwa wamemzika asubuhi. Ile bangili ya kupimia mapigo ya moyo ilikuwa mfukoni mwake, inalia.

Ti... ti... ti.

Ndivyo ilivyotengenezwa. Ikivuliwa hainyamazi mpaka isikie moyo wa mtu.

Mdogo wake wa kike alimsihi asubiri kwanza, ana jambo la kumwambia. Hakutaka kusikia. Tangu makaburini damu ilikuwa inamchemka. Wiki zote za mwisho kliniki walikuwa wakipiga simu kumpongeza mama kwa afya njema, na mama huyohuyo kitandani hata kijiko hakiinui.

Kitu kimoja alikiona njiani, akakipuuza. Bangili ilinukia mafuta ya nywele. Mama, tangu aanze dawa, hakuwa na unywele hata mmoja.

Kliniki, mtaalamu wa mitambo alikuwa peke yake, anajiandaa kufunga. Fundi akaitupa bangili mezani, akauliza ni mganga gani aliyemwona mama mzima. Mtaalamu akamgeuzia kioo cha kompyuta. Huyu ndiye tunayemtibu, akaeleza. Pacha wa mgonjwa. Anajengwa kwa yale bangili inayosikia mwilini, na dawa hupangwa kwa hali yake.

Kwenye kioo alilala mwanamke wa mwanga mtupu.

Kifua kinapanda. Kinashuka.

"Mama yangu yuko udongoni," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Huyu anapumua kwa ruhusa ya nani?"

"Bangili ikivuliwa, pacha hawa huwa wanatulia," mtaalamu alinong'ona. "Huyu wako... hajatulia."

"Uchawi huo. Mmeuvalisha koti jeupe tu. Mfute."

Mtaalamu alijaribu kusema wamsubiri daktari. Fundi akaegemea meza kwa mikono yote miwili.

Akafutwa.

Miguu ilififia kwanza. Kisha tumbo. Giza lilipofika shingoni, yule mwanamke akafumbua macho, akamtazama fundi. Midomo ikasogea.

"Kaka..."

Kioo kikawa cheusi.

Mama hakuwahi kumwita kaka. Fundi aliinyakua bangili akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Mdogo wake alikuwa jikoni, anaosha vyombo vya waliokuja msibani. Mzima. Fundi akakalia ndoo iliyofunikwa. Ndipo yule binti, bila kugeuka, akalitoa lililokuwa limemkaa kooni. Bangili ilikuwa inamwasha mama. Akiivua inalia, manesi wanapiga simu kufoka. Basi mama akamwomba amvalie. Wiki zote hizo, aliyekuwa akiivaa ni yeye.

Hasira zikampanda fundi, zikakosa pa kutua. Kwa kliniki? Kwa huyu? Kwake mwenyewe, asiyejua kusubiri?

Ti... ti... ti.

"Hebu lete, itatupasua vichwa," mdogo wake alisema. "Mimi najua kuinyamazisha."

Akajifuta maji, akaifunga mkononi kama alivyozoea.

Ti... ti... ti.

Akaikaza.

Ti... ti... ti.

Fundi akamshika mkono, akatafuta mshipa kwa kidole gumba. Akatafuta upande huu. Akatafuta ule.

"Kaka," mdogo wake alinong'ona, "mbona mikono yako ya moto hivyo?"