Kitufe cha Kitanda

"Shemeji, usivue viatu. Hukai."

Dereva alikuwa ameshavua kimoja. Akabaki mlangoni na soksi yenye tundu, kiatu mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye kope.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Leo ndiyo umemkumbuka?" Dada wa mke wake aliujaza mlango mzima. "Mimba imetoka, shemeji. Hospitali nimempeleka mimi. Wewe ulikuwa umelala."

"Nilikuwa kwenye foleni ya kupakia..."

"Mwache aingie, dada," sauti ikatoka chumbani. "Nataka nimsikie akidanganya kwa mdomo wake."

Mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka mabegani, na mchana ulikuwa wa jua kali. Hakulia. Alikuwa ameshamaliza.

"Pole, mke wangu."

"Pole yako iweke hapo. Nilikupigia mpaka chaji ikaisha. Simu imezimwa."

"Lile ghala la rangi simu zinaachwa getini. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nikamtuma dada ofisini kwenu. Dada, mwambie."

"Karani alinigeuzia kompyuta yake," dada akasema. "Namba ya lori lako, na pembeni kijipicha cha kitanda. Akasema dereva yuko mapumzikoni tangu asubuhi. Nikamwomba atume ujumbe kwenye hiyo mashine ya ndani ya lori. Akasema dereva aliyepumzika hasumbuliwi, ndiyo sheria. Ujumbe haupiti mpaka aamke."

Dereva akakaa sakafuni bila kukaribishwa.

"Haupiti?"

"Haupiti. Sasa tuambie ulikuwa umepumzika kwa nani."

Mwanaume mwingine hapo angetafuta uongo mzuri. Huyu alikuwa na ukweli, tena ukweli wa ovyo.

"Sikupumzika. Mashine ina vitufe viwili vya kubonyeza ukisimama. Nyundo, maana yake uko kazini. Kitanda, umepumzika. Ukibonyeza nyundo, kungoja kupakia kunakula saa unazoruhusiwa kazini kwa siku. Ukitoka getini, mashine inakwambia muda umekwisha, egesha. Bosi anataka mzigo ufike leo. Basi tunabonyeza kitanda. Madereva wote."

"Kwa hiyo unasema umelala na hujalala."

"Ndiyo."

"Halafu unaendesha usiku kucha."

"Ndiyo."

"Na mimi niamini hadithi hiyo."

Dereva akasogea karibu na kitanda.

"Toka," mke akasema taratibu. "Nikikutaka nitakuita. Nisipokuita, ujue."

Siku zilizofuata alikuwa anatuma ujumbe kila anaposimama.

"Mke wangu, naapa sikuwa na mtu."

"Kuapa hata wenye michepuko wanaapa."

"Nifanye nini uniamini?"

Alipokuwa ameshakata tamaa, mke akapiga simu.

"Kesho unapakia wapi?"

"Palepale."

"Nipitie. Nataka kuiona hiyo foleni."

Kulipokucha wakaenda. Mlinzi wa getini akachungulia dirishani.

"Kamanda! Leo umekuja na mkaguzi?"

"Mke wangu."

"Basi huyo ndiye mkaguzi mwenyewe. Shemeji, simu sandukuni, na uvae hiki kizibao."

Ndani, malori yalikuwa yamefuatana mpaka ukutani. Likitoka moja, yote yanasogea kidogo, yanasimama tena. Chumba cha dereva kikawa moto kama jiko.

"Choo kiko wapi?"

"Nyuma ya ghala. Nenda, lakini foleni ikisogea utanikuta mbele."

"Na wewe ukibanwa?"

"Nina chupa."

Mke akaitazama ile chupa chini ya kiti. Hakucheka.

Aliporudi kutoka chooni, mume akaanza kumuuliza kama dawa za hospitali amezimaliza. Lori la mbele likasimama, naye akakanyaga breki. Akiwa bado anaongea, macho kwa mke wake, mkono ukaenda wenyewe kwenye dashibodi kama mtu anayefukuza nzi. Kidole kikabonyeza.

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Kidole chako."

Akageuka. Kitanda kilikuwa kimewaka. Yeye mwenyewe alishtuka.

Mke akaangalia nje. Dereva wa lori la pembeni ameegemeza kidevu kwenye usukani, macho mekundu, wazi. Akaangalia tena kile kitanda kidogo kinachowaka. Ndipo machozi yakamtoka.

"Hukuwa na mtu."

"Sikuwa na mtu."

"Ulikuwa hapa, uko macho. Na mimi nakuita, sauti inaishia ofisini kwa sababu wewe umesema umelala."

"Ndiyo. Hilo ni langu. Silikatai."

"Badilisha."

"Mama, nikibadilisha leo hatufiki. Bosi atanitoa kwenye hili lori."

"Nimempoteza mtoto naambiwa usisumbuliwe. Unanitajia lori?"

Dereva akatazama mikono yake. Halafu akabonyeza nyundo.

Hawajasogea hata kidogo, mashine ikalia: ujumbe wa bosi. Mke akasoma kwa sauti:

"Dereva, umebonyeza nyundo kwa makosa. Rudisha kitanda. Mzigo unatakiwa leo."

Akausoma tena, polepole.

"Huu umefika," akasema. "Wa kwangu haukufika, huu umefika."

Mume akainamisha kichwa. Kisha akaandika, herufi moja moja:

"Sijakosea. Nangoja kupakia, sijalala. Mzigo utafika kesho."

Jibu likaja: "Utanikuta ofisini."

"Atakufukuza?" mke akauliza.

"Anaweza."

"Nitakwenda na wewe. Na mimi nina la kumuuliza."

Lori la nyuma likapiga honi. Mbele nafasi imefunguka.

"Wewe! Umelala?" dereva wa nyuma akafoka.

"Sijalala!" mke akajibu dirishani, akijipangusa uso. "Tunakuja!"

Walimaliza kupakia jua linazama. Nje ya geti mashine ikawaambia muda umekwisha. Akaegesha, akazima injini.

"Kitanda cha humu kinatosha watu wawili?"

"Hakitoshi."

"Tutabanana."

Mke akanyoosha mkono, akabonyeza kitanda yeye mwenyewe. Bosi akitaka kufoka, angoje mpaka waamke.