Kitufe Chekundu

Jioni ile nilikuwa nampelekea mama mkwe dawa zake za presha. Jua lilishazama, watu wanafunga maduka. Binti yangu, tunayemwita Kifaranga, alikuwa nyuma kwenye kiti chake, anambembeleza mdoli wake alale.

Gari letu ni lile refu la familia, la viti saba. Tulilinunua likiwa na usukani mtupu, hauna hata kitufe. Siku moja simu iliita, nikainama kuitafuta kwenye mkoba, almanusura nimgonge mtu wa baiskeli. Nilifika nyumbani nikasimulia. Mume wangu hakunifokea. Yeye ni fundi umeme wa magari. Haukupita muda akaja na usukani mwingine, wenye vitufe, akaufunga siku yake ya kupumzika.

"Kushoto simu na sauti," alinielekeza, ameshika kidole gumba changu kama anamfundisha mtoto kuandika. "Kulia mwendo. Ukibonyeza hiki, gari linashika mwendo lenyewe, unapumzisha mguu. Hiki cha pembeni kinaufuta mwendo huo."

"Nitavichanganya."

"Najua. Wewe chumvi na sukari zenyewe unachanganya."

Akachukua rangi yangu ya kucha, akakipaka kile cha kufuta. Akapuliza mpaka ikakauka.

"Ukiogopa, chekundu."

Mtu akikufanyia hivyo, unampenda upya. Na vitufe vilinifaa kweli. Kifaranga akisinzia, napunguza redio bila kunyanyua mkono. Mama mkwe akipiga, napokea kwa kidole, macho barabarani. Ila kile cha simu kilikuwa kimelika katikati, kimebonyea, kama kuna mtu alikibonyeza miaka. Na kwenye foleni, joto likizidi, usukani ulikuwa na harufu. Mafuta ya nywele. Chini yake, harufu ya chuma, kama sarafu iliyokaa mno kiganjani.

Jioni ile simu yangu niliisahau dukani kwangu ninakoshonea nguo, juu ya cherehani. Nilikumbuka nimeshatoka mjini, niko kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Nikasema potelea mbali, nitaipitia wakati wa kurudi.

Halafu simu ikaita.

Ndani ya spika za gari.

Kidole changu kilibonyeza kabla akili haijafika.

Pumzi... Nzito, yenye majimaji, kama mtu anavuta hewa kwenye sufuria ya maji.

"Umemfunga mkanda?" Sauti ya mwanamke, chini kabisa.

"Nani mwenzangu?"

"Wangu sikumfunga... Alikuwa analia mkanda unambana. Nikamwonea huruma."

Nikabonyeza kukata. Haikukata. Ile taa ya kushika mwendo ikawaka yenyewe, na gari likaanza kukimbia. Nikakanyaga breki. Ngumu. Kama nimekanyaga ukuta.

"Mama," Kifaranga akauliza, "mbona una mikono mingi?"

Nikatazama chini.

Juu ya mikono yangu palikuwa na mikono mingine. Ya kijivu. Vipande vya kioo vimechomoza kwenye ngozi, na baridi yake iliniingia hadi mifupani. Ilinikandamiza mpaka vifundo vya vidole vyangu vikaalika. Kidole chake gumba kililala juu ya kile chekundu.

"Nipe huyo," akanong'ona. "Wewe utazaa mwingine. Bado u kijana."

"Dada, tafadhali."

"Nipe."

Mbele barabara ilikata kona, na penye kona palikuwa na ukuta wa daraja. Nikavuta usukani. Haukuzunguka. Gari lilikuwa linavuma kama lori.

Nyuma yangu... klik.

"Mama, huyu shangazi ananifungua mkanda."

Hapo hofu iliniishia. Niliinama nikakiuma kile kidole.

Kilikuwa kigumu kama mpira wa tairi. Akapiga yowe kwenye spika zote kwa pamoja, masikio yangu yakaziba. Mkono wake mmoja ukaachia usukani, ukanishika nywele, ukanigonga uso kwenye usukani. Jino likavunjika. Akanigonga tena. Damu ikanijaa puani na mdomoni, yangu na nyingine iliyokuwa baridi. Sikuachia. Nilitafuna kama mbwa, nikasikia mfupa, nikazidi kutafuna, mpaka meno yangu ya juu na ya chini yakakutana.

Kidole kikabaki mdomoni.

Nikabonyeza chekundu.

Breki ikalainika chini ya mguu wangu. Nikaikanyaga kwa nguvu zote. Gari likaserereka, ubavu ukaparamia ukuta, vioo vikamwagika. Kifaranga akaruka kutoka kwenye kiti chake. Nilitupa mkono wa kushoto katikati ya viti, akagonga hapo. Mkono ulivunjika kwa mlio wa kuni kavu, lakini ulimzuia. Nikamvutia kifuani. Alikuwa bado ameshika mdoli.

Spika zikakoroma kidogo.

"Usimwachie," sauti ikasema. Kwa upole kabisa. "Mimi nilimwachia."

Kisha kimya.

Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yetu alisimama, akavua shati lake akanifunga nalo mkono, akabaki kifua wazi kwenye upepo. Nikatema kwenye kiganja chake. Jino langu, na kipande cheusi.

"Ni ngozi ya usukani tu, dada," akanituliza.

Kilikuwa na ukucha.

Mume wangu alinikuta hospitali. Alikaa pembeni ya kitanda, hakuweza kunitazama usoni.

"Ule usukani niliutoa kwa muuza vyuma chakavu," alisema. "Alisema gari ulikotoka liligongwa nyuma tu. Ulikuwa na madoa kwenye mishono, nikadhani ni grisi. Nikasugua kwa mswaki."

"Yalitoka?"

"Hayakutoka yote."

Sikumlaumu. Alinitafutia kitu cha kunilinda, akakifunga kwa mikono yake. Aliukatakata ule usukani kwa msumeno, akachoma kila kipande, akarudisha ule wa zamani. Mtupu. Hata honi yake hulia kwa kubembelezwa.

Mfupa umeunga. Jana jioni nimeendesha tena, mara ya kwanza, na Kifaranga nyuma. Nimemfunga mkanda mwenyewe, nikauvuta kuhakikisha. Tulipofika kwenye ile barabara iliyonyooka, nikasikia nyuma yangu... klik.

Nikafunga breki, nikageuka mzimamzima. Mkanda wake ulikuwa pale pale, umembana vizuri.

Ila na ule wa kiti cha jirani ulikuwa umefungwa. Umebana. Juu ya kiti kitupu.

"Mwanangu, nani kafunga huo?"

"Kafunga mwenyewe," Kifaranga akasema, akampa mdoli wake mtu nisiyemwona. Mdoli haukuanguka.

Ndani ya gari, simu ikaanza kuita. Yangu ilikuwa mapajani, imezimwa.

"Pokea, mama," akasema. "Mama yake anamtafuta."

Nikatazama usukani. Hauna pa kubonyeza.