Kivuli cha Baba Kituoni

Ukumbi mkubwa wa mji wa Tampere ulifurika vijana na kompyuta zao, waya zimetapakaa sakafuni. Saimi, binti wa sweta ya manjano asiyejua kutulia, alikuwa anavuta waya wake hautoki.

"Kaka, umeukanyaga. Au umeota mizizi hapo?"

"Samahani, dada. Nilikuwa nakuangalia."

"Angalia chini kwanza."

Ndivyo alivyojuana na Jarkko, kwenye mkusanyiko wa watu wanaoongeza vitu vyao wenyewe ndani ya michezo ya kompyuta. Theluji ilipoanguka walikuwa wapenzi, wanajenga pamoja mtaa wao ndani ya mchezo mmoja. Kwenye kituo cha basi, Saimi alimsimamisha mwanamume wa kofia ya manyoya: mfano wa marehemu baba yake. Lakini uso ulimshinda. Akiuchonga leo, kesho anaufuta, analia.

Siku ya kuwaachia wachezaji wengine mtaa huo, aliufungua mchana, akakizunguka kituo mara tatu. Baba hayupo. Akapiga simu.

"Jarkko, umemfuta baba yangu?"

"Sijamfuta, kipenzi. Nimemficha mwili tu, angalia chi—"

"Umemficha! Anakutia aibu, siyo?"

Akakata. Simu ikaita mara nne. Alizunguka chumba, hakuipokea. Mara mlango ukagongwa.

"Saimi, fungua."

"Sifungui!"

"Basi nijibu hapohapo. Vivuli vya mchezo umevizima?"

Saimi akageukia kompyuta.

"Zamani. Kompyuta yangu ni kuukuu, nikiwasha vivuli inakwama."

"Viwashe, laazizi. Mwili hauonekani, maana uso ulikuwa unakuliza, ila nimeuambia mchezo jua liendelee kumpiga. Angalia, halafu unifukuze."

Aliviwasha. Feni ikalia, picha ikasogea kwa kukwamakwama. Jua la mchezo lilikuwa chini, na pale kituoni pasipo mtu, kivuli kirefu kikalala juu ya theluji: kofia ya manyoya, bega la kushoto limeinama, vilevile alivyosimama mzee akisubiri basi la kazini.

Saimi akafungua mlango, macho yamelowa. Jarkko alisimama, koti wazi, masikio mekundu kwa baridi.

"Ungeniuliza kwanza."

"Kweli, nimekosa. Nilitaka ushtuke kwa furaha. Nikuulize sasa?"

"Uliza."

"Abaki hivyo?"

Saimi akajipangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Abaki. Na wewe pia. Funga mlango basi, baridi inaingia."