Onja Kwanza, Papa Constantin

Wewe uliangalia pembeni. Usikatae. Siku wajane wa kilima kile cha juu ya Luhwindja waliposhuka Bukavu, nguo za waume zao mikononi, ulipandisha kioo cha gari. Ulisema ni mambo ya wachimbaji. Basi sikia aliyoyafanya mtu mmoja ambaye hakuyazoea mambo hayo.

Nsimire ana duka la dawa Nyawera, hapo Bukavu. Mdogo wake, Aganze, alikuwa shimoni na wenzake. Walikataa kutoka kabla ya kulipwa. Mwenye shimo, Papa Constantin, akaamuru mlango ufunikwe kwa udongo. Wamo mpaka leo. Mashine moja ya kuchimba ingewatoa, lakini pesa za kuikodi hakuwa nazo. Nsimire alitaka hilo tu: mifupa ya mdogo wake, na misa.

ALHAMISI, SAA KUMI. Chumba cha nyuma mtaani Kadutu, kinachopakana ukuta na kinu cha kusagia mihogo. Kelele za kinu zilimeza maneno.

"Jumapili iko shindano ya poka mu hoteli ya Constantin," alisema Gentil, mkubwa wa genge la wezi alilolitafuta Nsimire, askari aliyefukuzwa jeshini. "Zawadi ni tofali ya dhahabu. Iko mu salon ya juu. Pale anaingia mwenye kufika meza ya mwisho, na mwenye kubeba vinywaji. Mwenye kubeba ni mi. Mwenye kufika ni weye, maman."

"Mi sijacheza poka hata siku moja."

"Ndiyo maana. Nani ataogopa maman wa pharmacie?"

Mardochée, dereva wao, alicheka. "Atabauzia paracétamol mpaka balale!"

"Wee, nyamaza. Anipe mi dawa ya usingizi. Naweka mu vinywaji ya balinzi. Banalala, nachukua bunduki yabo, tunabeba. Weye Mardo, ngoja na gari chini ya dirisha."

Kiingilio Gentil alilipa mwenyewe. Hakusema pesa alizitoa wapi.

Walimfundisha kwa maharage badala ya jetoni za kuwekea dau. Alipoteza kopo zima. "Usichunge karata," Gentil alimkaripia. "Chunga mikono ya batu. Mudomo inajua kudanganya. Mukono haijue."

"Muache," Mardochée akasema. "Maharage yake nimekula yote. Inakosa chumvi tu."

Lakini uso wa kuficha mambo Nsimire alikuwa nao tayari. Miaka minne alimuuzia Papa Constantin dawa ya presha, akimwambia asante.

JUMAPILI, SAA NANE. Matajiri walitoka misa wakaja moja kwa moja mezani. Walicheza kama watu wasiowahi kuomba kitu. Nsimire alitupa karata mbaya, akangoja. Akatupa tena, akangoja. Mmoja mmoja walijimaliza wenyewe.

SAA KUMI NA MOJA. Salon ya juu, sebule ya ghorofani. Walibaki wawili, yeye na Papa Constantin. Tofali lilikuwa katikati yao, juu ya kitambaa chekundu. Nyuma ya kamba, wageni wakitazama.

Gentil aliingia na koti jeupe, sinia mkononi. Mugisho, mlinzi mzee, aliirudisha glasi aliyopewa.

"Onja kwanza, petit. Mi sikunywake kitu mwenye kuleta hajaonja."

Mji huu unaijua sumu. Anayekaribisha huonja mbele ya mgeni. Gentil alicheka, akapiga mafunda mawili makubwa, akafuta midomo.

Nsimire akaganda. Dawa aliyompa ingemwangusha fahali. Ameinywa kama maji. Basi haimo. Iko wapi?

Gentil akaweka mbele ya Nsimire glasi ya maracuja, maji ya pasheni. Hiyo hakuionja. Kidole chake kilikuwa kinasugua ukingo wa sinia, kinasugua, kinasugua.

Kumbe hivyo. Gentil alikuwa mtu wa Constantin, na Constantin ndiye aliyelipa kiingilio. Mwanamke anayeuliza habari za shimo angeanguka mbele ya mashahidi, nao wangesema moyo umesimama kwa furaha.

Angeweza kukimbia. Alisukuma jetoni zake zote katikati.

"Tapis," alisema. Yaani vyote. Kisha akapaza sauti hadi nyuma ya kamba. "Papa Constantin, mi niko mugeni mu nyumba yako. Boy wako amesahau kuonja. Onja weye."

"Mi nimeokoka, maman. Sinywake."

"Ni maracuja, Papa. Hata batoto ba communion banakunywaka."

Mtu akacheka nyuma. Constantin hakucheka.

"Cheza karata zako."

"Onja."

"Siko na kiu!"

"Patron," Mugisho akasema polepole, "onja tu. Batu banaangalia."

Constantin aliipiga glasi ikapasuka sakafuni. Bukavu, huko ni kukiri. "Sumu!" mwanamke akapiga kelele. Viti vikaanguka, wageni wakajazana mlangoni. Mugisho akatema mate chini, bunduki inaning'inia.

Nsimire alilinyakua tofali, akafika dirishani. "Mardo! Shika!"

Gentil alimpora Mugisho bunduki, akafyatua. Goti la Nsimire likasambaratika. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuliachia tofali. Chini, gari likanguruma, likaondoka.

Gentil akamsimamia. "Atakimbia nayo Kamanyola, avuke mupaka. Mi namujua. Umekufa bure, maman."

 Hata Nsimire hakujua kama Mardochée angetoroka.

JUMANNE, ASUBUHI. Mashine ya kuchimba ilipanda kilima, imelipiwa kwa dhahabu ile, tangi limejaa mafuta. Mardochée alitembea mbele yake akionyesha njia. Watu wa Constantin walifunga barabara kwa mnyororo.

Imesimama hapo hadi sasa. Nsimire yuko mahabusu, goti linaoza, polisi wanamuuliza dereva anajificha wapi na yeye anawaomba maji. Wajane wameketi mbele ya mnyororo. Walinzi ni wachache, hawajazi benchi moja la kanisa. Wanachokitegemea ni wewe kubaki nyumbani.

Ondoka. Usimalize chai. Usingoje Jumapili, usingoje padri aseme, usingoje mtoto wako naye ashuke shimoni. Panda mpaka kwenye ule mnyororo, ushike kwa mikono yako miwili, na uvute.