Gauni Alilovishwa Baghala

Farasi alijifungua asubuhi, akamnusa mtoto wake mara moja, kisha akageuka kutazama ukuta.

Mwenye zizi alisubiri. Majirani walimpachika jina la Mshenga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuozesha punda dume kwa farasi jike ili wazaliwe baghala, wanyama wenye uvumilivu wa baba na kimo cha mama. Alikuwa ameona mengi zizini, lakini hajaona mama akimpa mwanawe kisogo namna ile.

"Mke wangu, njoo uone," aliita. "Bibi harusi kamkataa mtoto."

Mkewe aliingia akiwa amembeba binti yao, aliyeitwa Kijiko kwa udogo wake. "Ungefungwa macho ukaletewa mume usiyemjua, wewe ungempenda mtoto?"

Mshenga alianza kucheka, akaacha. Ni kweli siku ya kupandishwa farasi alifungwa kitambaa machoni. Ndivyo kazi ilivyo, maana farasi wengi hawamtaki punda. Lakini punda yule hakuwa wake. Alimkuta amesimama langoni, mweusi tititi, hana kamba, hana alama, hana mwenyewe, naye akaona bahati imebisha hodi. Shughuli ilipokwisha aligeuka ampe maji, punda hayupo, na lango bado limefungwa kwa ndani. Hilo hakumwambia mkewe.

Mtoto wa farasi alikuwa akitetemeka. Asiponyonya, angekufa. Wafugaji wana njia yao: anayekataliwa huvishwa harufu ya anayependwa. Na farasi yule alimpenda Kijiko kuliko kiumbe chochote. Alizoea kumwekea pua utosini na kufumba macho. Basi mke wa Mshenga akamvua Kijiko gauni, likiwa bado na joto la mwili, akamfunika nalo yule baghala mchanga. Farasi alinusa, akalegea, akaachia chuchu.

"Umeona?" mama alisema. "Sisi wanawake tunaelewana."

Jioni ile mbwa wa nyumbani alimbwekea Kijiko kama mgeni.

Siku zilizofuata farasi naye alilaza masikio nyuma kila Kijiko alipomkaribia. Kisha mama, akimvisha binti yake, alizika pua shingoni mwake kama ilivyokuwa desturi yake, na hakunusa kitu. Si sabuni, si jasho, si usingizi. Ilikuwa kama kunusa jiwe lililooshwa. Mtoto aliyekuwa kasuku wa nyumba alianza kumeza maneno, moja moja, mpaka akawa anafungua kinywa na pumzi tupu inatoka. Mikono yake ilipoa. Na zizini, penye harufu ya chuma kilichotoka motoni, baghala hakulia kama punda wala farasi. Alicheka, na kicheko kilikuwa cha Kijiko.

"Baba Kijiko, yule punda ulimtoa wapi?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. Mshenga akainama, akaanza kusema yote.

Alikuwa bado anasema waliposikia mtoto akiimba zizini, nao walikuwa wamemlaza Kijiko kitandani, na kitanda walipokitazama kilikuwa kitupu, wakakimbia wakigongana mlangoni, wakapita kwenye ile harufu ya chuma iliyokuwa sasa inachoma macho, wakafika kwenye nyasi alipokuwa akilala baghala, na baghala hakuwepo, bali walikuwepo watoto wawili wameketi bega kwa bega, gauni lilelile mara mbili, pengo lilelile la jino mara mbili, mmoja akiimba na kuchezesha miguu, mwingine amenyamaza, anawatazama tu.

"Mama," alisema yule mwimbaji, "nimepona."

Mshenga alipiga magoti. "Ni yeye! Sikia sauti! Mnuse!"

Mama alimnusa. Sabuni, jasho, usingizi. Akaanza kulia.

Mganga, mwanamke mzee aliyeishi nyuma ya kinu cha unga, alisikia kilio akafika mbio, viatu mkononi. Hakuingia zizini. Alisimama mlangoni, akaelekeza kidole langoni, na huko nje, alasiri, mchana kweupe, punda mweusi alikuwa amesimama.

"Baba wa baghala amekuja kuchukua chake," mganga alinong'ona. "Mmoja lazima atoke jua likiwa bado juu. Mkisita, atachukua wote."

"Basi tuambie ni yupi!" Mshenga alisema.

"Mwanangu, jini naweza kumwonyesha njia. Kumtambua mtoto ni kazi ya aliyemzaa."

Mama alisogea. Yule mwimbaji alimnyooshea mikono yenye joto. Yule kimya hakunyoosha kitu.

"Mwizi akishaiba, mikono yake imejaa," mama alisema polepole, kama anayejifundisha mwenyewe. "Aliyeibiwa ndiye mtupu. Mimi namtaka huyu mtupu." Akamkumbatia yule baridi, akamfunga kifuani kwa mikono miwili.

"Mama?" yule mwingine alishangaa. "Mama, uliponivua gauni nilisikia baridi, ndiyo maana nilinyamaza. Sasa nimepona. Mbona unanifukuza? Baba, mwambie!"

"Mke wangu, nakuomba," Mshenga alisema, machozi yakimtiririka. "Nakuomba, mnuse tena."

"Mtoe."

Mganga alisoma maneno yake. Mshenga alimshika mtoto mkono, akaenda naye uani huku mtoto akilia kwa kwikwi, akiita mama, akijaribu kugeuka, akiuliza amekosea nini, na mama hakuinua uso. Alitega masikio tu. Alingoja kusikia miguu ile ikigeuka kwato.

Lango lililia. Punda aliondoka kwa mwendo wa pole, na kando yake zikaenda nyayo ndogo za miguu mitupu, pa, pa, pa, mpaka zikapotea.

Ndipo mwili ule kifuani mwa mama ulipoanza kupata joto. Harufu ilirudi. Mkono mdogo ulimshika shavu.

"Mama," sauti ya Kijiko ilisema.

Mshenga alirudi, akaegemea ukuta, hana rangi usoni. "Nimemtazama mpaka kwenye kona," alisema. "Hakubadilika. Alitembea kwa miguu ya mtu, anachechemea, amekanyaga mwiba."

Mganga alivaa viatu vyake.

Mama alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, akamziba masikio asisikie zaidi.

"Funga lango," alisema.