Kaburi Jeupe la Shelui

Jua lilikuwa linazama Selina alipofika na ndoo ya maji kwenye kaburi la mke wa Calist. Alilisugua kila Alhamisi, na watu wa Shelui walishindwa kumwelewa. Mjane gani anaosha kaburi lililomuua mumewe?

Mumewe, Hosea, ndiye aliyelijenga. Calist, tajiri wa malori, alimletea picha ya Taj Mahal, kaburi la malkia kule India, akataka mfano wake mdogo, wa marumaru tupu. Hosea alisoma habari zake wiki nzima, akawa anamsimulia mkewe wakila. Marumaru ile alfajiri huwa ya waridi, mchana nyeupe. Minara yake minne imeinamishwa nje kidogo, ili ikianguka isimwangukie malkia. Maandishi ya juu ni makubwa kuliko ya chini, ili aliyesimama chini ayaone sawa. Yote hayo Hosea aliyafanya pale Shelui.

"Wanasema mafundi wake walikatwa mikono," Calist alimwambia siku moja, "wasijenge tena kama lile."

"Hiyo hadithi tu, bosi. Hata wasomi wanaikataa."

Calist alicheka.

Siku ya kulifunika kaburi, jeki iliyoshikilia bamba la juu iliachia. Bamba la marumaru likashukia mikono yote miwili ya Hosea. Ilioza. Siku ya kumi na mbili akafa, na kabla hajafa alimnong'oneza mkewe: "Haikuponyoka, Selina... Iliachiwa."

Selina hakulia msibani. Aliomba kuosha mwili mwenyewe, akakinga yale maji kwenye chupa. Bibi yake wa Sepuka alishamwonya tangu utotoni: maji ya maiti aliyeonewa yasimwagwe ovyo, yanajua njia. Kila Alhamisi alitia kizibo kimoja cha maji hayo kwenye ndoo.

Leo alimimina yote yaliyobaki.

Upepo ukakatika. Hata mbuzi wa jirani wakanyamaza.

Ko... ko... ko...

Tindo juu ya jiwe. Sauti ilitoka ndani ya kaburi. Ikafuata harufu aliyoijua vizuri, ya bandeji mbichi na nyama iliyooza.

"Shemeji." Calist alikuwa nyuma yake, ameshika mishumaa. "Unasikia hicho kitu?"

"Kitu gani, bosi?"

Calist akainama, akaweka viganja juu ya bamba, akatega sikio. Marumaru ikaanza kuiva wekundu, taratibu, kuanzia chini ya viganja vyake.

Akavuta mikono. Haikutoka.

"Shemeji... limenishika!"

"Nani aliachia jeki?"

"Nitoe kwanza!"

"Nani?"

Mnara wa kushoto ukalia kama jino linalong'olewa. Ulikuwa unainama.

Kwa ndani.

"Niliamuru mimi!" Calist alipiga yowe. "Lakini aliyeachia ni Mughwai! Mdogo wako!"

Selina akaganda. Mughwai, dereva wa Calist, mdogo wake wa tumbo moja. Mughwai aliyebeba jeneza akilia kuliko watu wote. Akaitupa ndoo, akamkumbatia Calist kiunoni, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Hosea, basi! Imetosha!"

Mnara ukaanguka.

Calist yu hai. Mikono yake haipo. Mafundi waliokuja kutazama walisema saruji ililegea kwa kuoshwa mno. Ila hawakueleza kwa nini mnara uliojengwa uangukie nje uliangukia ndani. Wala hawakueleza jina lililokutwa chini ya bamba, unga wa kuchongwa bado mbichi: CALIST.

Chini yake kulikuwa na herufi mbili. MU.

Selina alipoambiwa hayo alikimbia hadi kwa mdogo wake. Alimkuta mezani, anakula.

"Shikamoo, dada."

Selina alisimama mlangoni. "Ni kweli?"

Mughwai alirudisha tonge kwenye sahani. Akatazama vidole vyake. "Bosi alisema nihesabu tatu, niachie. Nilidhani shemeji atawahi kutoa mikono... Wallahi, dada, nilidhani atawahi."

Selina alitaka kumpiga. Alitaka pia kumficha. "Amka. Twende kaburini ukamwombe radhi. Sasa hivi."

Mughwai akasimama. Kisha akageuza shingo polepole, akiutazama ukuta wa chumba chake.

"Dada... nani anachonga huko nje?"

Selina akatega sikio.

Hakusikia chochote.