Macho ya Mtu Hayawaki

Asubuhi ile mwalimu Benedikta aliziba madirisha ya darasa la nne kwa mablanketi, akampakata paka wake, akawasha tochi. Macho ya paka yakawaka kijani. Watoto wakacheka. Akawaeleza kuwa nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana huona vizuri penye mwanga hafifu. Kisha akawamulika wao, mmoja mmoja. Hakuna kilichowaka.

"Macho ya mtu hayawaki," akasema, nao wakaitikia.

Ndipo Bibi Ng'washi, mpishi wa shule, akaingia na uji wa mwalimu kwenye kikombe cha bluu, kama kila siku. Tochi ikampata usoni. Jicho lake la kulia likawaka.

Benedikta alijua sababu. Yeye ndiye aliyempeleka Tabora mjini kutolewa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ya plastiki. Lakini kengele ililia, watoto wakatoka mbio na habari yao. Akajiambia ataeleza kesho. Kesho ya nani?

Jioni wanaume wa kitongoji, huko nje ya Usinge, walimjia mwalimu na mapanga. Ng'ombe wao walikuwa wakifa. Walitaka kujua kitu kimoja tu, kama alichofundisha ni kweli. Akimtetea bibi, watasema wako pamoja katika uchawi. Aliogopa, tena vibaya sana.

"Ni kweli," akajibu. "Ya mtu hayawaki."

Walimchoma bibi ndani ya nyumba yake, pamoja na vyombo vyake. Alimwita mwalimu aje awaeleze habari ya lenzi. Aliita mpaka paa likaanguka.

Mwaka uliofuata somo lilirudi. Benedikta hakulitaka, ila lilikuwa la mtihani. Akaziba madirisha, akampa tochi msichana mmoja, Kulwa. Kulwa akammulika paka. Akawamulika wenzake. Akamgeukia mwalimu.



"Madamu," Kulwa akanong'ona. "Yako yanawaka. Yote mawili."

"Kinachowaka ni lenzi," Benedikta akasema haraka. "Bibi aliwekewa lenzi. Mimi sina..."

Akasikia alichokisema. Watoto nao walisikia.

Walitoka bila kelele. Benedikta akavuta blanketi, mwanga ukaingia. Mezani palikuwa na kikombe cha bluu, ukingo umeungua, kimejaa uji wa moto. Nje, watoto walikuwa wanakimbilia nyumbani.